Siku Nne Nilizoketi Kyondo

Binti yangu anasoma sekondari kule Bulembia, na kila likizo anarudi na maneno ya Kiingereza kama vile mtu anarudi na chawa. Likizo moja tulikuwa tunachambua maharage, redio inasema habari ya watu waliochukuliwa na waasi upande wa Kongo. Akaniambia, "Baba, watu kama hao Kiingereza kinaita hostage. Sisi tunasema mateka."

Nikamwambia, "Mimi nilishakuwa hiyo."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Simlaumu. Mimi ndiye nilimwambia akiwa mdogo kwamba viboko wa Kabatoro, kule kwenye ziwa la chumvi, wananenepa hivyo kwa sababu wanalamba chumvi bure, na kwamba nilipokuwa kijana nilimpiga mmoja kofi akaniomba msamaha.

"Nani alikuteka, baba? Walikuwa na bunduki?"

"Hakuna bunduki. Watu wangu wenyewe ndio walinipeleka. Na nilivaa shati safi."

"Basi hiyo si hostage. Hiyo ni kutembelea."

Lakini lile neno halikumtoka kichwani. Aliporudi shule alimuuliza mwalimu wake, na likizo iliyofuata akaniletea majibu. Mwalimu alifungua kamusi nene kama tofali la kanisa, akamwambia hivi: zamani neno hilo halikuwa la mtu aliyekamatwa. Lilikuwa la mtu aliyetolewa. Chifu anaahidiana na chifu mwenzake, halafu anampa mtoto wake akae kule, ale kule, alale kule, mpaka ahadi itimie. Ahadi ikivunjika, yule mtoto ndiye analipa. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kabla ya hapo wasomi wanagombana mpaka leo. Kuna wanaosema mzizi wake ni neno la mgeni, mtu aliyepewa mahali pa kulala. Kuna wanaosema ni neno la mtu aliyeketi mbele ya mwenzake. Mambo ya bunduki na kudai pesa yalikuja nyuma sana.

Nilifurahi kama mtu ameambiwa shamba lake liko na mafuta chini. Maana mimi nilikuwa yote mawili. Nilikuwa mgeni, na niliketi mbele ya mtu siku nne. Basi nikamweleza binti yangu yote, na hapa nayasema tena, bila kuongeza kiboko hata mmoja.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari kutoka mbali, na Kiswahili nilichonyonya ni kile cha "Simama! Lala chini! Kula haraka!" Hizo ndizo zilikuwa nyimbo zangu za kulala. Shule niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha. Nilipokuwa mkubwa nikaja Bwera kuuza vitunguu, nikaoa msichana wa hapo, na lugha ya kwao mpaka leo naiongea kama mtu anatembea na kiatu kimoja.

Pale sokoni tulikuwa na timu ya mpira. Mimi sikucheza, mimi nilikuwa wa kupiga kelele. Mwaka mmoja timu ya Kyondo ilishuka kutoka milimani kucheza na sisi, wakatufunga mabao mawili, na watu wetu badala ya kupeana mikono wakawapiga, wakawanyang'anya viatu. Vijana wa watu walipanda ule mlima wote miguu mitupu. Aibu ile ilikaa Bwera kama harufu ya samaki.

Mwaka uliofuata kanisa likasema mpira urudi, watu wapatane. Kyondo wakakataa kushuka. Halafu bibi mmoja wa huko akakumbusha jambo la zamani. Alisema babu zao wakishuka kutafuta chumvi Katwe, katikati ya watu wasiowajua, walikuwa wanaachiana mtu. Wale watu wa chini wanampandisha mtu wao mmoja, anaketi kwenye nyumba ya mlimani, na hatoki mpaka waliokwenda chumvi warudi wote. Walimwita mtu wa kuketi. Rehani, kwa Kiswahili cha vitabu. Basi Kyondo wakasema: tuleteeni mtu wa kuketi, ndipo tutashuka.

Mwenyekiti wetu wa timu akaita mkutano. "Nani ataenda?"

Watu wote wakaangalia viatu vyao. Mmoja akasema mke wake ana mimba. Mwingine akasema hata yeye, mpaka leo sijui alimaanisha nini.

"Uende wewe," mwenyekiti akaniambia. "Unaongea sana. Watakurudisha kabla ya mapumziko."

Watu wakacheka. Na muuza nyama akasema chini chini, lakini masikio yangu ni ya sungura: "Halafu hana ukoo hapa. Akipotea, hakuna kilio."

Hiyo nilicheka pia, kwa mdomo tu.

Siku ya mpira asubuhi nikavaa shati langu safi. Pale njiani kulikuwa na askari wamesimama, na mmoja akanisimamisha.

"Wewe! Unaenda wapi?"

"Naenda kuwa rehani, afande."

"Rehani ni biashara gani? Iko na leseni?"

"Hapana, afande. Mimi ndiyo mali yenyewe."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, kama mtu anapima mbuzi. "Pita. Pita haraka!"

Kupanda Kyondo, mtu anafika amebaki nusu. Nyumba waliyonipeleka ilikuwa ya muzee mmoja, shemasi wa kanisa, mwembamba kama mpini wa jembe. Uani kulikuwa na mikeka imetandazwa kahawa ya kukausha. Kijana wake ndiye alikuwa golikipa wa timu yao, mrefu, miaka labda ishirini na mbili, amevaa glavu zile za wajenzi kwa sababu za mpira hakuwa nazo. Alikuwa anatoka nilipoingia.

"Mutu ya kuketi," akaniambia, "usikule kuku yangu. Nikirudi nahesabu mifupa."

"Nitakuachia mdomo," nikamjibu.

Tukacheka wote wawili. Akateremka na wenzake, na mimi nikabaki na baba yake, mama yake na majirani waliokuja kuona huyo mtu wa kuketi anafanana vipi. Sasa mimi nikiona watu wananiangalia, ulimi unawasha. Nikainua mikono juu, nikapiga kelele:

"Mateka wenu nimefika! Nifungeni kamba! Nipelekeni msituni!"

Pale Bwera watu wangeanguka chini. Pale, hakuna hata kuku aliyekohoa. Mama mwenye nyumba aliweka mwiko juu ya jiwe polepole, akaingia ndani. Majirani wakaanza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja wakaondoka.

Muzee akanionyesha kiti. "Keti," akasema.

Nikaketi. Nikajiambia, hawa watu wa mlima, kicheko kwao hakifiki, kinachoka njiani.

Mchana simu ya muzee ikalia. Alisikiliza, akampa mama, mama akasikiliza, na kabla sijauliza alikuwa ameshajifunga kitenge akateremka mlima anakimbia, bila viatu. Golikipa alikuwa ameruka kuchukua mpira kwenye miguu ya mchezaji wetu, na goti likakutana na kichwa. Hakuna mtu alikusudia, hata wao wenyewe walisema hivyo. Aliamka. Alipiga mpira mara mbili tena. Halafu akaketi katikati ya goli, akalala. Walimpeleka hospitali ya Bwera kwenye bodaboda, amefungwa kwa shuka mgongoni kwa dereva.

Jioni timu ilirudi. Wanaume wakajaa pale uani, na kijana mmoja mwenye fimbo akasimama mbele yangu.

"Tuliteremka kumi na tano, tumepanda kumi na ine. Huyu asitoke."

"Nani amesema atatoka?" muzee akamuuliza. "Huyu iko kwangu. Nendeni mulale."

Muzee Kiswahili chake alikiokota Kongo, enzi alikuwa anabeba kahawa huko, ndiyo maana alisema mutu na mutoto. Mimi na yeye tulikuwa tunaelewana hapo hapo katikati, Kiswahili cha kambi na Kiswahili cha magunia.

Siku ya pili asubuhi niliamka nikamkuta ananoa panga. Anamwaga maji, anasugua, anajaribu makali na kidole. Shingo yangu ikaanza kuwasha pande zote. Nikasoma sala zote nilizojua, ambazo zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya chakula. Muzee akasimama, akanipita, akaenda kukata mkungu wa ndizi. Akazimenya mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa hospitali, akazipika mwenyewe, na akaniwekea mimi kwanza.

Siku nzima tuligeuza kahawa. Simu ilikuwa inaleta maneno yale yale: bado hajaamka. Mimi kukaa kimya ni kama mtu mwingine kukaa bila maji, kwa hiyo mchana nikamuuliza, "Muzee, ile siku nilisema neno baya? Lile la msituni?"

Aliendelea kuburuta kahawa kwa reki, mstari, mstari. Nilifikiri hakusikia.

"Huyu iko ya pili," akasema. "Ya kwanza alichukuliwa."

Akanieleza maneno machache tu, na mimi nayaacha machache. Ilikuwa wakati wa ile vita ya waasi wa mlimani, zamani kidogo. Kijana wake mkubwa alikuwa shambani kwenye mahindi, na mdogo wake, huyu golikipa, alikuwa bado mgongoni kwa mama. Waasi walipita, wakambebesha mzigo wa watu, wakaenda naye juu. Mkeka wake mama aliutandika kila jioni miaka miwili.

"Baba yako alikuwa askari?" akaniuliza.

"Ndiyo, muzee."

"Alikuwa huku, wakati ule?"

Hapa ningeweza kusema uongo, nina ghala la uongo. "Sijui, muzee. Sikumuuliza, na sasa amekufa."

Akatikisa kichwa. "Jeshi ilifika siku ya tatu. Walikula mahindi." Halafu akasema, kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu: "Ule hakutolewa. Alichukuliwa. Hakuna mutu alikuja kuketi hapa juu yake. Weye ulitolewa. Iko tofauti."

Akaendelea na kahawa. Mimi nilishika mkeka upande wangu, na sikusema neno mpaka jioni. Mke wangu akisikia hilo ataomba mashahidi.

Siku ya tatu muzee alienda kwenye senta, pale madukani, kuchaji simu. Akaniacha peke yangu, mlango wazi, panga limelala juu ya kuni. Ndipo mke wangu akanipigia kwenye simu yangu, betri imebaki kama pumzi ya mgonjwa.

"Sikiliza. Kijana wao anazidi kuwa mbaya. Mama yake hali chakula, anamshika tu mguu. Watu hapa wanasema akifa, wewe watakukata."

"Nani anasema?"

"Wote! Muuza nyama anasema hata..."

"Huyo muuza nyama!"

"Baba wa watoto, wacha ujinga. Kuna mtu anakuangalia sasa?"

"Hapana."

"Basi toroka. Nakuomba. Shuka sasa hivi."

Simu ikazima. Ningependa kuwaambia kwamba nilikunja mikono kama shujaa. Nilitoka mbio. Niliteremka kwenye migomba, nikapita kahawa za watu, nikaanguka mara mbili, na mara ya tatu nikaona kuanguka ni haraka kuliko kukimbia, nikajiviringisha tu. Chini kabisa kuna mto, mdogo, mtu anavuka kwa miguu, na ng'ambo yake njia inashuka moja kwa moja. Nikaingia. Maji yakafika magotini.

Hapo nikasimama. Sikusikia sauti ya Mungu. Nilikuwa naogopa vilevile. Ila niliona muzee anarudi na simu yake iliyojaa moto, anakuta kiti kitupu, na mkeka niliolalia umekunjwa hivi hivi. Anaangalia. Haiti mtu. Anajua namna ya kuangalia mkeka mtupu, alishajifunza. Na mimi sikuwa nimechukuliwa na waasi. Mimi nilitolewa, na watu wakakubali kushusha watoto wao kwa sababu yangu, mimi muuza vitunguu asiye na ukoo. Hakuna siku ingine maishani mtu aliniona kuwa na uzito wa kumi na tano.

Nilisimama mpaka miguu ikapoteza habari. Halafu nikageuka, nikapanda.

Kupanda kulichukua muda. Nilipofika muzee alikuwa ameshaketi mlangoni. Mbele yake sufuria ya maharage, sahani mbili. Aliangalia suruali yangu, maji mpaka gotini, matope mpaka kiunoni, majani ya kahawa kwenye nywele.

"Maji iko baridi?" akauliza.

"Iko baridi, muzee."

"Kula."

Nikala. Yeye hakugusa.

Siku ya nne, jua lilikuwa halijapasha mikeka joto, simu ikalia. Muzee akasema "ndiyo" mara tatu. Aliiweka ile simu chini kwa mikono miwili, kama yai. Akaenda kwenye jerikeni, akanawa uso, akanawa tena, akaendelea kunawa. Nikajua. Nilisimama nikataka kumsogelea, nikakumbuka mimi ni nani hapo, nikaketi.

Habari mlimani haihitaji simu. Muda mfupi ua ulijaa, wanawake wanalia, na yule kijana wa fimbo alikuja na wenzake watano.

"Muzee, pole," akasema. "Sasa huyu tuachie."

Muzee hakugeuka. "Mutamufanya nini?"

"Walitupa huyu ili sisi turudi wote. Hatukurudi wote. Sasa rehani ni ya nini?"

Na nisiwadanganye, niliona alisema kweli. Hesabu ilikuwa upande wake. Nilitafuta neno la kuchekesha, moja tu, nikakuta ghala limefagiliwa.

Muzee akaja akasimama kati yetu, uso bado unatiririka maji. "Huyu alimupiga mutoto yangu?"

"Hapana, lakini..."

"Jana nilimuacha peke yake. Njia ilikuwa wazi. Alifika mpaka mtoni, akaingia, nimeona suruali yake. Akarudi mwenyewe." Akajifuta maji usoni. "Ya kwanza yangu, walimuchukua, ningepata mutu moja wa kurudi hivi, ningeshukuru Mungu. Munataka rehani gani tena? Wekeni fimbo chini. Muje tupokee ndugu yenu."

Yule kijana aliishusha fimbo yake. Halafu akaitupa kwenye kahawa, akaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtoto.

Muzee akanishika mkono. Siyo kama mfungwa, kama vile watu wazima huku wanashikana wakitembea. Tuliteremka hivyo mpaka pale barabara ya gari inapoishia. Pikapu ya sokoni ilikuwa imefika, jeneza nyuma, na mama ameketi pembeni yake, mkono juu ya mbao. Watu wetu walisimama mbali, mwenyekiti amevua kofia, hata muuza nyama alikuwepo, macho mekundu.

Muzee akauchukua mkono wangu akauweka kwenye mkono wa mwenyekiti. "Mutu yenu huyu," akasema. "Kamili."

Mwenyekiti akaushika kwa mikono miwili.

Mama alishuka kwenye gari, wanamshika huku na huku. Aliponiona alisimama. Niliinamisha kichwa, nikasubiri chochote, kofi, mate, laana. Aligeuka kwa mume wake, akauliza kwa sauti iliyokauka:

"Huyu alikula?"

"Alikula," muzee akasema.

Wakaanza kushusha jeneza. Kutoka pale ni mlima mtupu, gari haipandi. Mwenyekiti akanivuta shati. "Panda gari twende. Mke wako anakusubiri tangu alfajiri."

"Mwambie nakuja," nikasema.

"Unaenda wapi? Wamekuachia!"

Nikaenda nyuma ya jeneza upande wa kushoto, pale palikuwa na nafasi, nikaweka bega. Nilikuwa mfupi kuliko wengine, mbao zilinikata. Tulipanda tukipokezana, na kila nikitolewa nilizunguka nikaingia upande mwingine. Hakuna mtu aliniambia njoo, hakuna aliyeniambia toka.

Juu, karibu na nyumba, walikuwa wameshaanza kuchimba. Udongo wa Kyondo una mawe, unarudisha jembe. Kijana wa fimbo alikuwa ndani ya shimo, linamfika kifuani. Alichimba mpaka nguvu zikamwishia. Akatoka, akapangusa uso kwa kiwiko, akaangalia watu wote waliosimama, halafu akaninyooshea jembe mimi.

"Zamu yako," akasema.

Nikavua shati, nikaingia.